IL-10, TGF-beta au IL-1Ra: upime ipi kwenye tasnifu yako?

Kila mwaka, majira ya kuandika mapendekezo ya utafiti yakifika, wanafunzi hunijia maabara na swali lilelile. Wamesoma habari za protini zinazotuliza kinga ya mwili, zimewaingia moyoni, wanataka kupima moja kwa wagonjwa wa malaria, kisukari au kichocho, ila hawajui washike ipi. Wengi huwa wameshaangalia bei ya seti ya Elisa (vifaa vya kupimia protini kwa kutumia kingamwili) na kuamua kwa bei hiyo. Siwalaumu. Fedha ya utafiti ya mwanafunzi ni ndogo, na mara nyingi ndiyo hiyohiyo ya nauli na chakula. Lakini nimeshuhudia kazi za mwaka mzima zikiharibika kwa sababu protini iliyochaguliwa haikupatana na damu iliyokuwa kwenye friza. Hilo huniuma kuliko hasara ya pesa, maana kuna mtoto mahali fulani alichomwa sindano ili damu ile ipatikane.

Kwa hiyo nalinganisha hapa protini tatu ambazo mwanafunzi wa kwetu anaweza kweli kuzipima: IL-10, TGF-beta na IL-1Ra (IL ni kifupi cha interleukini, kundi la protini za kinga; Ra ni kizuia kipokezi). Zipo nyingine zenye kazi ya kutuliza. IL-4 na IL-13, kwa mfano, hutuliza upande mmoja na kuchochea mzio upande wa pili, kwa hiyo zinahitaji maelezo yake na leo naziacha.

Zinatuliza nini, na kwa njia gani

Neno la vitabuni ni mchochota: sehemu ya mwili inavimba, inapata joto, inakuwa nyekundu na inauma. Chanzo chake ni mazungumzo ya seli. Makrofaji, zile seli kubwa zinazomeza wadudu wa magonjwa, zikikutana na bakteria au kimelea cha malaria hutoa saitokini, yaani protini ndogo za kupelekeana habari kati ya seli na seli. TNF, IL-1 na IL-6 ni za kuamsha. Ndizo zinazopandisha homa, kulegeza kuta za mishipa midogo na kuita seli nyingine zije kusaidia. Tunazihitaji. Ila zikiendelea bila wa kuzizuia, zinamuumiza mwenye mwili: kwa mgonjwa wa malaria kali au wa maambukizi yaliyoenea kwenye damu, sehemu ya madhara unayoyaona kitandani inatokana na kinga yake mwenyewe.

Hapo ndipo protini za kutuliza zinapoingia, na mara nyingi zinatoka kwenye seli zilezile zilizoanza kupiga kelele, saa chache baadaye. Zote tatu zina lengo moja, lakini kila moja ina njia yake, na ukiielewa njia hiyo utajua kwa nini vipimo vyake vinatofautiana.

IL-10 ni mjumbe wa kawaida. Inatoka kwenye seli moja, inakamata kipokezi chake kwenye seli nyingine, vimeng'enya viwili, JAK1 na TYK2, vinaamka na kuiwasha protini iitwayo STAT3. STAT3 inaingia kwenye kiini cha seli, na kuanzia hapo jeni za TNF, IL-12 na wenzao zinapunguzwa sauti. Makrofaji pia hupunguza kuwaonyesha seli T, chembe nyeupe za damu zinazoelekeza kinga, vipande vya kimelea, kwa hiyo seli T nazo hupoa.

IL-1Ra haibebi habari yoyote. Imefanana na IL-1 kiasi cha kuingia kwenye kipokezi chake, kama ufunguo unaoingia kwenye kufuli lakini haugeuki. Wakati umo humo, ufunguo wa kweli hauna pa kuingia.

TGF-beta ndiyo yenye mambo. Seli huitoa ikiwa imefungwa ndani ya protini nyingine inayoifunika kama ganda, na katika hali hiyo haiwezi kugusa kipokezi chake. Lazima kitu kilivunje ganda hilo: vimeng'enya, asidi, au protini za kwenye utando wa seli zinazoitwa integrini, ambazo hulivuta mpaka lifunguke. Ikishafunguka, inakamata vipokezi vyake na kuwasha protini za Smad. Kwa hiyo mwili unaweza kuwa na TGF-beta tele ambayo haifanyi kazi yoyote. Kumbuka hilo, tutalirudia.

IL-10

Iligunduliwa mwaka 1989 na David Fiorentino, Martha Bond na Tim Mosmann katika maabara ya DNAX, California. Walikuwa wanatafuta kwa nini kundi moja la seli T za panya linalinyamazisha kundi jingine, na jina la kwanza walilolipa lilieleza kazi yake tu: kitu kinachozuia utengenezaji wa saitokini.

Umuhimu wake ulionekana mwaka 1993, panya walipoondolewa jeni yake. Walipata uvimbe mkali wa utumbo usiokoma. Utumbo umejaa bakteria wanaoishi nasi kwa amani, na bila IL-10 kinga iliwashambulia wakazi wake wa siku zote. Kisha mwaka 2009 ikaonekana kwa binadamu: watoto wachanga waliozaliwa na kasoro kwenye kipokezi cha IL-10 walikuwa na vidonda vya utumbo vya kutisha tangu miezi ya mwanzo, na mmoja wao alipona baada ya kupandikizwa seli za damu kutoka kwa mtu mwingine. Nikisoma habari ile huwa nafikiria ni watoto wangapi wa kwetu walioitwa wenye utapiamlo wa kuharisha kusikoisha bila mtu kuwaza jambo kama hili.

Kwa mwanafunzi wa Afrika Mashariki, IL-10 ina sababu nyingine ya kuvutia: tuna historia nayo. Mwaka 1998 watafiti waliofanya kazi Ghana walionyesha kwamba watoto wenye upungufu mkubwa wa damu kutokana na malaria walikuwa na IL-10 ndogo kwenye plazma, yaani maji ya damu isiyogandishwa baada ya seli kuondolewa, kuliko wenye malaria ya ubongo au malaria ya kawaida. Mwaka uliofuata, kazi iliyofanyika magharibi ya Kenya, eneo ambalo malaria haipumziki mwaka mzima, ilionyesha kuwa uwiano mdogo wa IL-10 kwa TNF unakwenda pamoja na upungufu wa damu wa malaria. Huko Siaya baadaye wakatazama hata tofauti za kurithi kwenye sehemu inayoiendesha jeni ya IL-10. Na Tororo, Uganda, mwaka 2014 ilionekana kwamba watoto wanaoumwa malaria mara kwa mara hujaa seli T zinazotoa IL-10 na interferoni-gama, saitokini ya kuchochea, kwa pamoja, yaani seli ileile inakanyaga mafuta na breki kwa wakati mmoja.

Tazama jinsi picha ilivyo. Kuwa na IL-10 nyingi si habari njema moja kwa moja, wala kuwa na kidogo si habari mbaya moja kwa moja. Kwenye malaria ya ubongo inaweza kuwa juu sana. Kwenye kala-azar, ugonjwa wa kimelea kinachoshambulia wengu na ini, huwa juu, na kuwa kwake juu kunamsaidia kimelea kujificha. Kwenye kichocho, watafiti waliofanya kazi na watoto wa shule Gabon walichapisha mwaka 2000 kwamba wenye minyoo hiyo walikuwa na mzio mdogo zaidi wa vumbi la ndani, na IL-10 ndiyo iliyohusishwa. Protini moja, na kila ugonjwa una hadithi yake. Ndiyo sababu siipokei tasnifu inayopima IL-10 peke yake. Pima na TNF, toa uwiano. Bila wa upande wa pili, namba ya IL-10 inaning'inia hewani.

Kwenye benchi, IL-10 ni rafiki lakini ina ukaidi mmoja: ni kidogo mno. Kwa mtu mzima wa afya huwa pikogramu chache tu kwa mililita ya plazma, na pikogramu ni sehemu moja ya trilioni ya gramu. Seti nyingi za kawaida hapo ndipo uwezo wao unapoishia. Matokeo yake ni kwamba kundi lako la wenye afya linaweza kutoka lote likiwa "haikusomeka", na hapo takwimu zako zinakuwa ngumu. Wagonjwa wa malaria wenye homa watasomeka vizuri. Kwa hiyo kama utafiti wako ni wa kulinganisha wagonjwa na wagonjwa, wa hali kali na wa hali ya kawaida, IL-10 inakufaa. Kama ni wa kulinganisha wazima wa aina mbili, nunua seti ya unyeti wa juu au fanya jambo jingine: chukua damu mbichi, ichochee kwa mabaki ya ukuta wa bakteria usiku kucha kwenye joto la mwili, kisha pima kinachotoka. Hapo unapima uwezo wa seli, na namba zinakuwa kubwa.

Jambo la pili ni saa. IL-10 hupanda na kushuka haraka. Mtoto aliyekuja siku ya kwanza ya homa na aliyekuja siku ya nne akiwa ameshameza dawa mseto ya duka la dawa hawalinganishwi bila kuandika siku hizo. Muulize mama, andika.

TGF-beta

Hapa nitakaa zaidi, kwa kuwa ndipo nilipoumia.

Nilipokuwa kijana maabara, tulipewa kazi ya kupima TGF-beta kwa watu wenye malaria na wasio nayo. Seramu, yaani maji yanayobaki damu ikishaganda, ilikuwa tayari, imehifadhiwa vizuri kwenye friza, imepangwa kwenye masanduku. Tulipima. Matokeo yalikuwa mazuri ajabu: wenye malaria walikuwa na TGF-beta ya chini sana, na kadiri malaria ilivyokuwa kali ndivyo ilivyoshuka. Tulifurahi mno. Tulishaanza kuandika kwamba malaria inaua breki za kinga.

Aliyetuzima ni mzee mmoja wa kitengo cha damu, mtu wa maneno machache. Aliuliza swali moja tu: "Wanangu, hesabu ya chembe sahani ya hawa watu mnayo?"

Tulikuwa nayo, kwenye mafaili. Tukaiweka kando ya matokeo yetu, na mistari miwili ikapanda na kushuka pamoja kama watu wanaotembea wameshikana mikono. Chembe sahani, vile vipande vidogo vya seli vinavyogandisha damu, ni ghala kubwa la TGF-beta. Damu ikiachwa igande ili upate seramu, chembe hizo hupasuka na kumwaga ghala lote ndani ya tyubu. Malaria hupunguza chembe sahani, hilo kila mtu wa maabara analijua. Kwa hiyo sisi hatukupima kinga ya mtu. Tulipima, kwa njia ndefu na ya gharama, idadi ya chembe sahani ambayo mashine ya hesabu ya damu ingetupa kwa dakika moja.

Kosa lile halirekebishiki baadaye. Seramu ikishakuwa seramu, imekuwa. Ukitaka TGF-beta ya kwenye mzunguko wa damu, uamuzi unaufanya kabla ya sindano: tyubu ya kifuniko cha zambarau yenye EDTA, kemikali ya kuzuia damu isigande, iwekwe kwenye barafu, izungushwe mapema, na plazma izungushwe tena kwa kasi kubwa ili chembe sahani zote zikae chini. Chukua ya juu tu, usishuke na pipeti karibu na masalia. Tofauti utaiona kwa namba: plazma safi hutoa nanogramu chache kwa mililita, seramu ya mtu huyohuyo hutoa makumi.

Kisha lipo lile ganda. Kingamwili za seti nyingi huikamata TGF-beta iliyo wazi tu. Kwa hiyo sampuli huwekwa asidi ya haidrokloriki kwa dakika kumi ili ganda lifunguke, kisha husawazishwa kwa alkali. Baada ya hapo unapima jumla, iliyokuwa wazi na iliyokuwa imefungwa. Usipoweka asidi unapima iliyo wazi, ambayo kwenye damu ni kidogo sana. Andika kwenye tasnifu ulipima ipi kati ya hizo mbili. Nimesoma kazi ambazo hazisemi, na msomaji hana namna ya kuzitumia.

Kama unakuza seli kwenye chombo, ongeza tahadhari ya tatu. Seramu ya ndama tunayowalishia seli ina TGF-beta ya ng'ombe, na ile TGF-beta-1 (aina kuu ya TGF-beta) iliyo wazi ya ng'ombe na ya binadamu ni sawasawa kabisa, hakuna kingamwili itakayozitofautisha. Lazima upime chakula cha seli kisichokuwa na seli, kisha utoe.

Baada ya maonyo yote hayo, je, inafaa? Inafaa sana, kwa maswali yake. Panya wasio na TGF-beta-1, walioelezwa mwaka 1992 na 1993, hufa wakiwa na wiki tatu au nne hivi, mchochota umeenea moyoni, mapafuni na kwingineko. IL-10 ikikosekana utumbo ndio unaoungua. TGF-beta ikikosekana nyumba nzima inaungua. Ndiyo inayosaidia seli T changa kuwa seli za kudhibiti, zile zinazobeba protini ya Foxp3, ambazo Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi walipewa Tuzo ya Nobeli ya tiba mwaka 2025 kwa kuzifumbua. Lakini TGF-beta ileile, ikikutana na IL-6 karibu yake, humgeuza mtoto yuleyule wa seli T kuwa Th17, seli ya kuchochea mchochota. Malezi yanategemea nani mwingine yupo chumbani.

Na ndiyo mama wa kovu. Kidonda kikipona, TGF-beta ndiyo inayoagiza nyuzi za kolajeni. Ikizidi, kiungo kinakuwa kigumu. Kwa watu wa kando ya Ziwa Victoria, Ukerewe na visiwa vingine, ambako kichocho cha tumbo kimezoeleka, mayai ya minyoo hunasa kwenye ini na makovu huzunguka mishipa yake mpaka mtu anatapika damu. Mwanafunzi mwenye swali kuhusu ini hilo, aliye na picha za altrasaundi na nafasi ya kukusanya plazma upya, huyo namwambia apime TGF-beta bila kusita. Mwenye sanduku la seramu za mwaka jana namwomba asijaribu.

IL-1Ra

Hii wanafunzi huisahau, na nasikitika, kwa sababu katika zote tatu ndiyo iliyomfikia mgonjwa ikiwa dawa.

Katikati ya miaka ya 1980 makundi mawili yaliiona, la William Arend huko Denver na la Jean-Michel Dayer huko Geneva, ambaye kundi lake liliikuta kwenye mkojo wa wagonjwa. Jeni yake ilinakiliwa mwaka 1990. Mwaka 2001 Marekani iliidhinisha anakinra, ambayo ni IL-1Ra iliyotengenezwa na bakteria, kwa wagonjwa wa baridi yabisi ya kingamwili: sindano ya miligramu 100 chini ya ngozi kila siku. Kila siku, kwa sababu haikai mwilini. Nusu yake huondoka kwa saa nne hadi sita.

Na dozi ni kubwa kwa sababu ya ile njia yake ya ufunguo. IL-1 haihitaji kukamata vipokezi vingi ili seli iamke, vichache vinatosha. Kwa hiyo mzuiaji lazima awe mwingi, mara kumi, mara mia na zaidi ya IL-1, ili asiache kufuli hata moja wazi. Hii ni faida kwako mpimaji: mwili wenyewe huitengeneza kwa wingi. Hata kwa mtu mzima wa afya husomeka, kwa mamia ya pikogramu. Wakati wa homa hupanda sana, maana ini nalo hujiunga kuitoa. Haidai asidi, na seti ya kawaida inatosha.

Mwaka 2009 walielezwa watoto waliozaliwa bila IL-1Ra kabisa. Ngozi imejaa vijipu vya usaha visivyo na bakteria, mifupa inauma, mtoto analia akiguswa. Walipopewa anakinra walibadilika ndani ya siku chache. Sijui mfano mwingine ulio safi kuliko huo wa kinachotokea protini moja ya kutuliza ikikosekana, na ikirudishwa.

Linganisha na IL-10, ambayo nayo ilijaribiwa kuwa dawa. Kwa kuwa panya wasio nayo waliumwa utumbo, kila mtu alitegemea itawatibu watu wenye ugonjwa wa Crohn, mchochota wa utumbo usiokoma. Majaribio makubwa yaliyotoka mwaka 2000 yalileta nafuu ndogo isiyotosha, na dozi zilipopandishwa damu ilipungua na interferoni-gama, ambayo ni ya kuchochea, ilipanda. Nami nadhani ni kwa sababu IL-10 hufanya kazi pale ilipotolewa, kwa jirani, na ukiimwaga kwenye damu nzima unapata majibu ya mahali pengine pote.

Udhaifu wa IL-1Ra kwenye utafiti ni kwamba inapanda kwa mambo mengi. Mafuta ya mwili huitoa, kwa hiyo mtu mnene huwa nayo juu. Ukipima bila kuandika uzito na urefu umekosea. Lakini geuza jambo hilo: mwanafunzi mwenye kliniki ya kisukari karibu naye ana hazina. Mwaka 2007 ilichapishwa kazi ya wagonjwa 70 wa kisukari cha aina ya pili waliopewa anakinra au sindano isiyo na dawa kwa wiki 13, na sukari ya waliopewa dawa ilikuwa bora. Kumbe mchochota mdogo wa muda mrefu unagusa hata seli za kongosho. Swali la kisukari, damu ya kufunga asubuhi, vipimo vya kiuno na uzito ambavyo nesi hupima hata hivyo: hapo sioni kwa nini mtu ahangaike na TGF-beta.

Hesabu ya sahani kabla ya pesa

Seti ya sahani moja (sahani ya plastiki ya kupimia, si chembe sahani) ina vishimo 96, na wanafunzi huandika "watu 96". Hapana. Viwango vya kuchorea mkunjo, yaani sampuli zenye kiasi kinachojulikana, ni vinane, kila kimoja mara mbili: vishimo 16. Kontroli, yaani sampuli za kuhakiki kipimo, ni mbili, mara mbili: vinne. Vimebaki 76, na kila mgonjwa anataka viwili. Sahani moja ni wagonjwa 38. Ukipima IL-10 na TNF, ni sahani mbili kwa wagonjwa walewale 38. IL-1Ra inaweza kusimama peke yake ukiwa na vipimo vya mwili na sukari. TGF-beta, ongeza asidi, alkali, tyubu za barafu na sentrifuji yenye ubaridi, na muda wa mtu wa kuisimamia. Bei kwenye tovuti ya muuzaji haikuonyeshi hayo.

Mwezi uliopita alikuja binti mmoja na sanduku la seramu 60 za watoto wenye malaria, zilizokusanywa na kaka aliyemtangulia. Alitaka TGF-beta, ameshasoma sana, na sikutaka kumvunja moyo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kitabu cha kukusanyia damu unacho?"

Alikuwa nacho. Tukakifungua pamoja mezani, nikamwonyesha safu mbili: saa ya kuchoma sindano na saa ya kuzungusha. Sehemu nyingine zilikuwa wazi, sehemu nyingine kulikuwa na pengo la saa tano, bila shaka umeme ulikatika. Nikamweleza habari ya chembe sahani kama nilivyoeleza hapa, akanyamaza kidogo, akauliza kama basi kazi imekwisha. Haikuwa imekwisha. Nilimwomba aweke alama ya vema kwa kila mtoto ambaye saa zote mbili zimeandikwa na hazikupishana zaidi ya mbili, ambaye hemoglobini yake ipo, na ambaye mama yake aliulizwa homa imeanza lini.

Alipomaliza walikuwa 36. Aliagiza sahani mbili, moja ya IL-10 na moja ya TNF.